Mahali Atakapolala Ma Kokushubila

Mimi ni mwalimu mstaafu, na hapa Kishanda mwalimu mstaafu hana raha. Barua ya mkopo, aitwe Mwalimu Ildefons. Kadi ya harusi, Mwalimu Ildefons. Kwa hiyo Ma Kokushubila aliponiita nikamwandikie wosia, nilikwenda nikinung'unika, tena siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Ma ana miaka sabini na nane. Ni mfupi, akipita na mzigo wa nyasi kichwani utadhani nyasi zinatembea zenyewe. Ujanani aliolewa kijiji cha mbali, huko milimani. Uchungu ulipomshika walimbeba kwa machela kuelekea hospitali, mvua inawapiga, akajifungulia njiani. Mtoto hakulia. Akazikwa kwenye kibanja cha mume, yaani shamba la migomba la nyumbani, na daktari akasema Ma hatazaa tena. Haikupita miaka miwili wakwe wakamrudisha kwao. Mimi sifichi, walimfanyia unyama.

Kwao nako kaka yake hakumpa hata mgomba mmoja. Akaonyeshwa rweya, ile ardhi ya nyasi tupu ambayo hata mbuzi wanaidharau. Akaanza kubeba samadi kichwani, akatandaza nyasi, akapanda, zikakauka, akapanda tena. Zaidi ya miaka arobaini! Leo ni kibanja kweli kweli: migomba, kahawa, maharage chini yake. Hati ya kimila ina jina lake peke yake.

Kibanja hicho alitaka akiwaachie masista wa parokia. Wana nyumba wanamokaa wajawazito wanaotoka mbali, wakisubiri siku zao karibu na hospitali. Ndizi ziwalishe, kahawa iwanunulie sabuni na kuni. Sikumuuliza kwa nini.

Tulikaa sebuleni kwake watu watano: Ma, mimi, Sista Anatolia, jirani yetu Penina aliyekuja kuwa shahidi, na Clavery, mtoto wa yule kaka. Nilijiandaa kwa vita, maana Clavery ana mdomo. Lo! Kumbe kaja na kreti ya soda na tabasamu.

"Shangazi, mali ni yako," akasema. "Sisi hatuna neno. Ombi letu ni moja tu, tukuzike hapa hapa kwenye kibanja chako, tukujengee vizuri kwa saruji. Ukoo usije ukachekwa."

Waitu, nilifurahi! Penina akapiga kigelegele. Kila mtu kijijini anapajua mahali alipojichagulia Ma, kati ya nyumba na mstari wa kwanza wa kahawa. Huwaonyesha wageni bila aibu yoyote, kama anawaonyesha chumba cha kulala. Kwetu mtu hulala kwenye kibanja chake. Makaburi ya parokia ni ya wale wasio na kwao. Basi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: nizikwe kibanjani kwangu. Nikamsomea.

Ma akanitazama.

"Mwalimu, umesoma mpaka wapi?"

"Kwa nini, Ma?"

"Maana umeandika kama mtoto wa darasa la pili. Penye kaburi la ukoo ni pa nani?"

Masikio yaliniwaka. Kila Mhaya analijua hilo. Kibanja alimozikwa mtu wenu hamkiachii. Leo mtakuja kupalilia kaburi, kesho mtakata mkungu mmoja, keshokutwa masista wako mahakamani. Nimefundisha miaka thelathini na minne, halafu soda moja inanipumbaza! Nikamtazama Clavery. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye chupa.

"Futa," Ma akasema.

"Lakini Ma," Sista Anatolia akaingilia, "tunaweza kwenda kwa wakili Bukoba, akaandika kwamba hata ukizikwa hapa..."

"Sista, wewe huwajui watu wa kwetu. Mimi nawajua, nami ni mmoja wao."

Clavery akaweka chupa chini. "Kwa hiyo Shangazi unataka kulala na watu wasiojulikana?"

"Sitaki." Akatazama nje, kwenye kahawa yake. "Sitaki kabisa, mwanangu. Hapa nimepapenda tangu pakiwa nyasi tupu. Lakini nikilala hapa, ipo siku mtawafukuza wale wasichana wajawazito."

Nikafuta ule mstari kwa nguvu mpaka peni ikatoboa karatasi, nikachukua karatasi nyingine na kuanza upya. Niliona uchungu, na nilimwonea hasira Clavery, na zaidi nilijionea hasira mwenyewe.

"Huko parokiani kumelala akina nani?" Ma akaniuliza.

Nikamtajia ninaowajua. Yupo mwashi mmoja wa Kigoma aliyeanguka akijenga shule. Yupo mzee aliyefia safarini, hakuna aliyejua alikotoka. Na yupo kichanga aliyeokotwa sokoni mwaka juzi, akafa hata hajapewa jina.

"Huyo mtoto kalala na nani?"

"Yuko peke yake, Ma, huko pembeni kwenye ua."

Ma akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akanisogezea karatasi.

"Andika nilazwe ubavuni kwake."