Rudia Mwanzo

Wifi yangu Notburga alitaka uganga wa hospitali tangu akiwa mdogo. Alipomaliza kidato cha nne akaitwa kwenye mtihani wa kuingia chuo cha waganga. Baba yake, Mzee Hironimus, ni katekista hapa Songea, naye ndiye aliyemwandaa, kwa namna ile ile anayofundishia watoto wa komunyo ya kwanza: anauliza, unajibu neno kwa neno, ukikosea unarudi mwanzo.

Jioni walikaa jikoni kwangu, mimi nikichambua dagaa.

"Dalili za malaria?"

Notburga anashuka nazo kama litania.

"Umeruka kutapika. Rudia mwanzo."

Siku moja mwanangu Osmund alikuwa anaharisha. Nikamkatiza, "Wifi, mtoto macho yamemzama, nianze na nini?"

Akafumba macho, midomo ikawa inacheza. Alianzia magonjwa ya kichwa, ateremke mpaka tumboni.

"Ngoja, wifi, nitafika."

"Utafika Osmund ameshaoa."

Akacheka. Alipofika, alinieleza vizuri kabisa, maji na chumvi na sukari. Nikasema labda tuwe tunamuuliza hivi, tukirukaruka.

"Mama Osmund, usimvuruge," Mzee akasema. "Akishika yote, lolote litatoka."

Mimi niliishia darasa la saba. Nikarudi kwenye dagaa zangu.

Siku ya mtihani alirudi, hakula. Karatasi haikuuliza dalili. Ilisema mama ameleta mtoto, yuko hivi na hivi, utafanya nini na kwa nini.

"Yote nilikuwa nayo, wifi," aliniambia. "Kila swali nilianzia juu. Wamekusanya karatasi bado sijafika."

Jina lake halikutoka. Sasa anauza katika duka la dawa la mtu binafsi, haya yaliyojaa mjini tangu serikali iruhusu. Wateja humwita daktari. Huitika, macho yakiwa kwenye rafu.

Jumapili iliyopita Mzee alimpakata Osmund, ambaye sasa yuko darasa la kwanza, amsikilize sala. Mtoto akakwama katikati.

"Rudia..." Mzee akaanza, kisha akajikatiza. Akamshika kichwa. "Basi, mjukuu wangu. Endelea hapo hapo ulipo."

Notburga alikuwa anaosha vyombo mlangoni. Mikono yake ikatulia ndani ya maji. Hakugeuka, na baba yake naye hakumtazama.