Mgeni Anayesubiri Injini Ipoe

Fundi Wafula alimwambia mambo mengi, lakini moja alilirudia mpaka Nyevu akachoka kulisikia.

"Mama, dizeli ikiwa moto ni mwongo. Ukifika kwa huyo mwenye gari, kabla hujasalimu mtu, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa baridi, mwambie aiwashe papo hapo ukiona. Hapo ndipo utaijua."

Fundi ni fundi, lakini Wafula ni mtu wa bara jamani. Kabla hujasalimu mtu! Uingie uani kwa watu, mzee amesimama mlangoni, mkewe yuko nyuma yake anakuchekea, nawe uwapite kama magogo ukapapase gari? Wangesema Nyevu wa Mtongwe hana adabu, na wangesema kweli.

Basi alisalimu. Na hapo ndipo alipojiponza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Eddah. Karibu Mjambere. Habari za Mtongwe?"

"Njema. Habari za hapa?"

"Hapa njema tu, namshukuru Mungu. Eddah hajambo?"

Salamu za pwani hazikatwi kwa kisu. Zikaenda, zikarudi, zikaishia sebuleni kwenye chai. Gari Nyevu aliliona kwa pembe ya jicho tu, dogo, la samawati, limeoshwa likang'aa chini ya banda la mabati.

Alilitaka, usifanye mchezo. Nyevu hupika mahamri na mbaazi za nazi, na kila alfajiri huyasambaza kwenye vibanda vya Likoni kwa tuktuk ya kukodi. Leo imekuja, kesho mwenyewe kalala, na mahamri yaliyopoa nani ayale? Gari la dizeli halili mafuta sana, ndiyo maana akalichagua. Na ili alipate, aliuza minazi aliyoachiwa na marehemu mamake kule Kaloleni. Minazi, si kuku! Minazi ya mama ukishaiuza umeiuza. Gari hili likimfia njiani, hana minazi, hana gari, na hana tena pa kuanzia.

Tena mwenye gari ni Mzee Gershom Mwarandu, mzee wa kanisa, yeye ndiye aliyeongoza maombi siku aliyozikwa Charo, mumewe Nyevu. Mtu kama huyo utamkagua vipi?

Chai ilikuja na mihogo ya kuchemsha. Mzee akatoka, eti akatazame mbuzi. Punde akaita kutoka nje, "Nyamvula!"

"Abee!" mkewe akaitika. Kabla ya kutoka akaifungulia redio mpaka juu. "Sikiliza nyimbo, dada, usikae kimya."

Kwaya ikajaa nyumba nzima. Nyevu akatafuna mihogo. Nyamvula aliporudi alikuwa anahema, jasho linamchuruzika, viganja vina vumbi. Akavifuta kwenye leso.

"Jiko hilo, dada, litaniua."

"Pole, mwaya," Nyevu akasema, na wala hakuwaza kitu.

Alipotoka nje akaweka mkono kwenye boneti. Moto!

"Nimeliwasha kidogo ulipokuwa ukinywa chai, usichoke kungoja," Mzee Mwarandu akasema. Akazungusha ufunguo. Injini ikaitika mara moja, ikanguruma taratibu. "Umesikia? Cherehani hiyo!"

Nyevu akamkumbuka Wafula. Dizeli ikiwa moto ni mwongo. Lakini atamwambiaje mzee wa kanisa kwamba anamdanganya, uani kwake mwenyewe, na ladha ya chai yake ingali mdomoni? Na pengine gari ni zima! Akiondoka, jingine la namna hii atalipata wapi? Alisimama pale akijichukia kwa kunywa ile chai. Kisha akakumbuka kwamba adabu iliyomponza ina upande wa pili. Mgeni hafukuzwi.

"Zima injini, mzee. Nimelipenda," akasema. "Lakini jua hili limenichosha. Wacha nipumzike kidogo."

Akarudi ndani, akavua viatu, akakaa kitako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye hata ya kwanza haijafika katikati!

Haya, mzee akaanza kuhangaika. Akaingia, akatoka. Akasema twende tukalijaribu barabarani mpaka Bombolulu. Nyevu akasema miguu imemvimba. Akaja na simu sikioni, anasema kwa sauti, "Ndiyo, njoo nazo taslimu." Akaikata. "Mama Eddah, kuna mtu wa Mtwapa yuko njiani. Nisingependa ulikose."

"Riziki yangu hailiwi na mtu wa Mtwapa, mzee," Nyevu akajibu huku anatabasamu. Hilo lilikuwa la mdomoni tu. Kila gari lililopita nje alidhani ndiye huyo.

Chakula cha mchana kikaandaliwa, ugali na samaki wa kukaanga. Nyamvula aliandaa bila kumtazama mgeni usoni. Katikati ya kula mzee akashika ufunguo. "Nilisogeze gari, jua limefika bandani."

"Kaa, mzee wangu. Ukiinuka nami itabidi niinuke, na kumwachia dada chakula kitamu hivi ni dhambi."

Mzee akakaa. Angefanyaje?

Huyo mtu wa Mtwapa hakutokea. Adhana ya alasiri iliposikika, Nyevu akatoka nje, akaweka mkono kwenye boneti. Baridi kama mtungi.

"Sasa liwashe tena, mzee."

"Si ulishalisikia?"

"Sauti yake nimeipenda."

Mzee akaingia garini. Akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikalia kwa uchungu, ikanyamaza. "Ni leo tu," akasema, hatazami mtu. "Halijawahi." Akazungusha mara nyingine.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Nyamvula akatoka, na hakuitwa na mtu. Akavua ndala, akakaza leso kiunoni, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akaweka viganja juu ya buti, akainamisha kichwa.

"Tayari," akasema. "Tia gia."

Ndipo akainua macho, akamwona Nyevu.

Nyevu akakumbuka redio, na jasho, na vile viganja vya vumbi. Hasira ikampanda. Mdomo huo huo wa mzee ndio uliomwombea Charo! Alitaka kupiga kelele majirani wote watoke. Akamtazama Nyamvula, aliyekuwa bado ameinama, anaona haya hata kusimama wima. Akaweka mkoba chini.

"Sogea kidogo, dada," akasema. "Tusukume."

Wakasukuma. Gari likaruka, likashika, likatoa moshi ukafunika nguo zote kambani. Nyamvula akafuta macho kwa leso, na haukuwa moshi peke yake.

Mzee Mwarandu akachungulia dirishani. "Mama Eddah, si ungeniuliza tu?"

Nyevu akaokota mkoba wake, akaupangusa vumbi.

"Nilikuuliza, mzee. Nilipofika tu, nilikuuliza habari za hapa. Ukaniambia njema."