Muhuri wa Asiyepanda Ngazi

Kwa miaka ishirini na sita Bi Hisae Kurumada aliketi kwenye kidirisha cha hekalu letu la mlimani, brashi mkononi, akiwaandikia wageni daftari zao za mihuri. Maneno ni yaleyale: "Nimesali kwa unyenyekevu," jina la hekalu, tarehe, kisha muhuri mwekundu, uwe ushahidi kwamba mwenye daftari amepanda akasali. Mimi ni mfagiaji wa hapa, na sitamung'unya maneno: siku hizi watu wanakusanya mihuri kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda. Kusali hawana habari.

Bi Hisae naye alikuwa na ulimi. Mgeni asiyenawa kwenye birika la mawe kabla ya kusali alirudishwa. Kuhani wetu kijana, Bwana Segawa, alishamwonya: akigombana na mgeni mara moja tu tena, brashi ataiweka chini.

Mwezi wa sita, mvua ya kutwa, akapanda kijana mmoja mtembeza wageni, amebeba mfuko wa plastiki. Ndani mna daftari thelathini na mbili.

"Bibi, fanya fasta. Basi linanisubiri chini."

"Wenyewe wako wapi?"

"Si humo ndani ya basi! Ngazi mia na arobaini, na mvua hii?"

"Wagonjwa?"

"Wagonjwa wapi! Jana walicheza gofu."

"Basi wapande. Hapa si posta."

Kijana akaenda kushtaki. Segawa akaja mbio, uso umemwiva. "Bi Hisae, andika. Sitaki kusikia neno."

Nilidhani ataitupa ile brashi. Akaandika zote. Kijana akazibeba bila kuzifungua, akateremka.

Haukupita muda tukasikia kelele ngazini. Wanapanda wote, wamelowa chapachapa, wamefura. Mbele yao mzee mmoja anatikisa daftari lake. Kumbe kila moja liliandikwa, kwa mwandiko mzuri ajabu: "Huyu hakupanda."

"Umenitukana, wee mama!"

"Nimesema uongo?"

Bi Hisae akamwonyesha birika.

"Sasa umepanda. Maji yale pale, nawa. Ukishasali njoo, nitakuandikia ukurasa mwingine."

Akanung'unika, akanawa. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wakainama mara mbili, wakapiga makofi mawili, wakainama tena. Bi Hisae akawaandikia upya, kila mtu na daftari lake.

Jioni Segawa alinyoosha mkono, akapewa brashi na muhuri. Sasa kidirishani pana kikapu cha karatasi za muhuri zilizokwisha kuchapwa, jichukulie mwenyewe.

Bi Hisae bado hupanda kusali. Akipita kidirishani hatazami. Mimi ndiye ninayetazama, na hasira hainiishi: siku pekee niliyoona watu thelathini na wawili wakisali hapa kwa pamoja, ndiyo siku tuliyomfukuza aliyewapandisha.