Kipara cha Puseletso

Jumamosi ile, wakati kule Quthing, kusini mwa Lesotho, wanamzika bibi yake, Puseletso alikuwa kwenye kiti cha kinyozi mjini Kumasi, Ghana, akitazama bango la wanaume wenye vichwa vizuri kuliko maisha yao.

"Mtindo gani, dada?" kinyozi akauliza.

"Toa zote."

"Zote zote? Nikuachie kidogo juu, upendeze."

"Zote."

Kinyozi akaguna, akawasha mashine. Alipomaliza roho ikamsuta kumwachia mteja aondoke hivi hivi, akampaka mafuta mpaka kichwa kikang'aa kama sufuria ya harusi.

Kwao Puseletso, kichwa kama kile hakihitaji maelezo. Mtu akifiwa ananyolewa, na habari imeshafika. Muuza duka anashusha sauti, dereva anapunguza muziki, na watu wasiokujua wanakupa pole huku wanakurudishia chenji. Alinyolewa alipokufa baba yake, akiwa darasa la nne, na hakulazimika hata siku moja kutamka kwamba amefiwa. Kichwa kilimsemea.

Ndivyo alivyotegemea safari hii. Nauli ya kwenda kuzika haikuwepo. Kaka yake Tlali alimwambia kwenye simu asihangaike, asome tu. Akabaki na nywele, akazitoa. Alitaka mtu mmoja akione kile kipara ampe pole, basi. Bila hiyo pole, bibi aliyemlea bado alikuwa uani anafukuza kuku wa jirani.

Kilichomponza ni kwamba Kumasi wasichana wa sekondari hunyoa kama sare ya shule. Kipara cha msichana pale hakimshtui hata mbwa.

"Mungu wangu, nani kakunyoa?" Serwaa, aliyepanga naye chumba, alimzunguka kama anayenunua mbuzi. "Shoga, kichwa kizuri hivi ulikuwa unamfichia nani? Mimi nikinyoa nafanana na muhogo."

"Asante," Puseletso akasema.

Jumatatu, maabara ya chuo, mwalimu alimwangalia juu ya miwani. "Wewe mtoto, fomu wani ni ile sekondari ya jirani." Darasa zima likacheka. Puseletso naye akacheka, maana mdomo ulijua kazi yake. Ndani hapakuwa na kitu. Hata huzuni haikuwepo, angalau angeikaribisha wakae wote. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi, ambao unajua ni wako kwa kuuona tu. Akapima sampuli za damu, akanawa, akala kenkey, ule ugali wao mchachu, na samaki, akalala. Kesho yake vilevile. Wasichana wawili wakamsimamisha, wakamuuliza kinyozi wake yuko mtaa gani. Akawaelekeza.

Aseme mwenyewe? Kwao hiyo ni sawa na kujiimbia hepi bethidei. Tena awaambie watu gani? Mwezi wake wa kwanza pale alipita kwenye mahema, spika zinadunda, watu wamejifunga vitambaa vyekundu na vyeusi wanasakata dansi. Akaingia, akacheza, akampongeza mama mmoja kwa harusi. Yule mama alikuwa mjane. Bango la marehemu lilikuwa nyuma yake, kubwa kama mlango. Mjane akamshukuru kwa kucheza vizuri, na Serwaa akasimulia kisa hicho muhula mzima.

Wiki ile ya kipara ilipoisha, Jumapili, walikwenda kula fufu kwa mama yake Serwaa, Mama Konadu, mtaa wa pili tu. Huko huingii ukaanza kuongea. Unakaa, unapewa maji, unakunywa, ndipo unaulizwa kilichokuleta, hata kama mwenye nyumba ndiye aliyekuita na harufu ya supu imeshakufikia.

Wakakaa. Wakanywa.

"Hapa kwetu kwema," Mama Konadu akasema kwa sauti yake ya ubalozini, kana kwamba hajawahi kuwaona. "Nyinyi ndio mlio njiani. Habari za mlikotoka?"

"Tumekuja kwa amani tu, Mama," Serwaa akajibu haraka, jicho kwenye sufuria.

"Na mwenzako?"

Puseletso jibu alilijua. Alishalitoa mara nyingi: amani tu. Lakini mama yule alikuwa ameweka mikono magotini, anangoja kweli, na bilauri ilikuwa tupu mkononi mwa Puseletso. Ilimjia kwamba kwa wiki nzima hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa habari za kinyozi.

"Nilikotoka, Mama, bibi yangu amekufa," akasema. "Wamemzika Jumamosi ya wiki iliyopita. Ndiyo maana nimenyoa."

Sauti ilitoka kavu, kama anasoma majibu ya maabara.

Serwaa akashika mdomo. "Na mimi nimekisifia! Wiki nzima nakisifia! Si ungenipiga hata kofi?"

"Nyamaza wewe, muhogo," mama yake akasema. Akamgeukia Puseletso. "Na wewe, binti yangu, unatembeaje na maiti peke yako? Tungejuaje? Hapa mtu akifa tunapiga kelele, tunabandika picha, hata kiziwi anapata habari. Pole. Pole sana, mwanangu."

Ndiyo hiyo pole. Puseletso akaisubiri ifanye kitu. Haikufanya.

Mama Konadu hakusubiri. Akafunika supu, akatoa kitambaa cheusi sandukuni akamfunga Puseletso, akamtuma Serwaa kwa majirani. Viti vya plastiki vikapangwa uani. Mtu akaja na redio.

"Picha yake unayo?"

Puseletso akaifungua kwenye simu: bibi kajifunga blanketi, kofia ya nyasi kichwani, kakunja uso kama anayedaiwa.

"Eh! Huyu alikuwa anacheza muziki?"

"Hapana, Mama. Alikuwa anazima redio."

"Basi leo atatuvumilia."

Majirani wakaanza kupita kwenye viti, wakianzia upande wa kulia kama wanavyofanya wao, wanampa mkono mmoja mmoja. Wengine hata Lesotho hawakujua iko upande gani. Puseletso hakulia. Bado mguu ulikuwa umekufa ganzi. Ila uani kwa bibi, kule Quthing, kuku wa jirani walikuwa wameingia na hakuna aliyewafukuza. Mkono mwingine ukaja, akaupokea.