Mwindaji Asiyeshindika

Mchezo wenyewe niliujua nikiwa chuoni Arusha, nikaja nao Rhotia nilipopangiwa kufundisha. Kila mchezaji anabuni mtu wake na kuandika kwenye karatasi nguvu na udhaifu wa mtu huyo. Msimulizi anawaeleza walipo na kinachowajia, wao wanasema watafanya nini, na dadu zinaamua kama watafaulu. Msimulizi nilikuwa mimi. Tulikutana sebuleni kwangu Jumapili baada ya ibada, mimi na watu watatu: fundi simu wa pale senta, nesi mzaliwa wa Enguserosambu aliyefanya kazi Karatu mjini, na dereva wa watalii kutoka Ganako.

Dereva alikuwa mtu mpole. Masika ilipoingia na wageni wakapungua, hakukosa hata wiki moja, na hakuja mikono mitupu. Kama si maandazi, ni mahindi ya kuchoma. Mtu wake mchezoni alikuwa mwindaji. Mwanzoni alikuwa dhaifu kama wengine, lakini dereva alikuwa na bahati na dadu, tena alizisoma kanuni kuliko mimi. Akapata mkuki usiokosa. Akapata vazi la ngozi lisilopenyeka. Hakudanganya; kila kitu nilimpa mimi, kidogo kidogo, na nilifurahi naye. Mvua kubwa ziliposhika, katika nchi yetu ya kubuni hakukuwa tena na kitu cha kumkwaruza.

Ubaya ulianza taratibu. Nesi, ambaye mtu wake alikuwa mganga, hakuwa na wa kumtibu. Fundi akawa anachezea simu. Nikisema, "Mnasikia kitu kikipumua nyuma ya mawe," na kabla sijamaliza dereva anasema, "Nakichoma." Anarusha dadu. Kimekufa.

Nikaleta mnyama mkubwa zaidi. Yule mnyama hakumweza mwindaji, akageuka na kumvunja mganga mkono.

"Mwalimu," nesi akaniambia, "unapigana na yeye, tunaoumia ni sisi."



Jumapili iliyofuata sikuleta mnyama. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukafika hadi madirishani, ikabidi tuwashe taa mchana. Niliwaambia wamefika kijijini wakiwa na njaa. Hakuna aliyetoka kuwapokea. Milango imezuiwa kwa magogo. Mbuzi wamefungwa midomo kwa kamba ili wasilie.

"Kuna nini hapa?" fundi akauliza. Simu aliiweka chini.

"Wamesikia mwindaji anakuja."

Dereva akacheka. "Mimi? Si ndiye niliyewaulia wale majoka wote?"

"Ndiyo. Na waliona unavyoua."

Nilidhani nimepata dawa: kumpa tatizo lisilotatulika kwa mkuki. Nilitumaini ataweka silaha chini, abishe hodi, azungumze na watu kama mtu.

Alibisha hodi mara moja. Kisha akasema, "Navunja mlango."

Nikamweleza kwamba ndani kuna mzee na mkewe, na kwamba mzee anamsihi achukue chakula chote, awaache tu.

"Wameficha kitu," dereva akasema.

"Hawajaficha kitu."

"Namchoma mzee."

Alilisema kwa sauti ile ile ya kuombea sukari. Nesi akamgeukia. "Kaka, acha. Tafadhali." Dadu zilikwisha kurushwa. Akaenda mlango wa pili, kisha wa tatu. Hatukumzuia, maana hatukuwa na cha kumzuia nacho. Ndivyo tulivyokuwa tumemtengeneza. Kijiji kilipokwisha, nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Nesi alichukua mwavuli wake, akatoka bila kuaga. Fundi akamfuata.

Dereva alibaki ameziangalia zile dadu.

"Ni mchezo tu, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Nilitaka kuacha pale mlango wa kwanza. Nikangoja kitu kinisimamishe. Hakikuja."

Nilimwogopa. Nilikuwa nimepanda gari lake mara nyingi, nikasinzia humo, na sasa nilikaa nikipima umbali wa kutoka kiti changu hadi mlangoni.

Katikati ya wiki alinikuta shuleni, wanafunzi wakiwa mapumzikoni. "Muue yule mtu," akasema.

"Kwa kanuni zetu hakuna kinachomuua."

"Basi mchukue. Asiwe wangu tena."

Akanikabidhi karatasi ya mwindaji. Yeye akabuni mtu mpya, mchuuzi wa chumvi mwenye mguu mbovu. Nesi nilimbembeleza sana. Alikubali kurudi, ila alihamisha kiti chake upande wa pili wa meza, na hajakirudisha.

Kwa hiyo mwindaji ninaye mimi, na nimemweka msituni. Hao watatu wanapita kando kando, wakizima moto mapema na kunong'ona. Mchezo umefufuka, siwezi kukataa. Fundi hagusi simu. Mganga ana majeraha ya kufunga. Kila mmoja anafikiri kabla ya kufungua mdomo, na dereva kuliko wote. Nikisema, "Mnasikia tawi likivunjika," mkono wake unaganda mezani.

"Yuko umbali gani?" ananiuliza polepole.

Na jibu linanijia haraka mno. Linataka kuwa: karibu. Nalizuia, nasema bado yuko mbali, na ninaona mabega yao yakishuka. Sijawaambia jinsi ilivyo kumshika yule mtu, kujua kwamba lolote nitakalotamka atalifanya na hakuna wa kumpinga.

Juzi nesi aliniuliza kama siku moja wataweza kumshinda. Nikamwambia inawezekana. Nimepitia kanuni nikitafuta njia na sijaiona, ingawa sina hakika kama nilitafuta kwa moyo.

Jumapili iliyopita mwindaji aliziona nyayo zao.