Kanda ya Mzee Desideri

Siku yangu ya kwanza kazini nilikijaribu kinasa sauti hadi betri zikaanza kuchoka. Nilikuwa msichana mwoga wa kukosea. Masomo ya kidato cha sita nilijisomea mwenyewe nyumbani Izia, huko Ufipa, na chuo kikuu kilinichukua kwa majaribio tu, niwe mtafiti msaidizi. Zama zile za soko huria vijana walikimbilia biashara, na idara ya historia ikapunguziwa nafasi.

"Niletee simulizi moja ya wafua chuma wa Ufipa," Mkuu wa Idara aliniambia. "Ikiwa nzuri, utasomea shahada kwetu. Ikiwa mbovu, tutaagana."

Nilimkuta Mzee Desideri uani kwake, Kasense, pamoja na jirani na mtani wake Masanja, mfugaji wa Kisukuma. Nikapiga goti, nikawaamkia, nikabonyeza kitufe.

"Babu zetu walijenga tanuru refu kuliko mtu," mzee alianza.

"Kuliko Mfipa, labda," Masanja akadakia. "Hapo bado ni fupi."

"Nyamaza, mnywa maziwa. Babu zako walilimia majembe yetu."

Mimi nilitaka sauti moja, safi, yenye mpangilio. Nikamwomba Masanja, kwa adabu zote, atupishe. Akaenda kwa ng'ombe wake.

Mzee akapoa. Nilipouliza tanuru liliwashwaje, alijibu, "Kwa moto." Waliimba? "Waliimba."

Mwishowe akasema, bila ukali, "Binti yangu, habari hizi husimuliwa mbele ya mtu wa kukubishia. Nikizisema peke yangu nitakuwa najisifu."

Nilimfuata Masanja malishoni, nikamsihi.

"Umeona? Bila mimi Mfipa hana historia," alisema, akarudi.

Mzee alizungumza hadi kanda ikaisha: udongo wa kichuguu, mkaa, nyimbo, miiko. Kila alipotia chumvi, Masanja alimbishia, naye akarekebisha.

Mkuu wa Idara alisikiliza amekunja uso. "Huyu anayemkatiza mzee ni nani? Kwenye unukuzi, unapoiandika kanda, mwondoe."

"Siwezi, Mkuu. Nilimwondoa siku ile, mzee akakaukiwa maneno."

Akairudisha kanda nyuma, akasikiliza tena.

"Waandike wote wawili kuwa wasimulizi," alisema. "Shahada utaanza muhula ujao."

Nimestaafu nikiwa mhadhiri wa historia. Woga haukuisha, hadi leo naandika sentensi, naifuta. Sasa vijana huja kunihoji mimi. Nawaambia tumsubiri kwanza mume wangu. Hakuna anayenibishia kama yeye.