Korongo Aliyelia Kila Alfajiri

Jumamosi nilikuwa langoni kwa mzee jirani yangu hapa mtaani Niboye, daktari wa wanyama alipokuja kumchukua korongo wake. Ni yule ndege mwenye taji la dhahabu, tunayemwita umusambi, na mzee amemfuga uani tangu akiwa kifaranga. Siku hizi ndege hao wanarudishwa vinamasini, maana huko wamebaki wachache. Mzee mwenyewe ndiye aliyepiga simu, kisha akajuta.

"Huyu iko sawa hapa," alisema, amemkumbatia kama mtoto mwenye homa. "Huko kinamasini atalishwa na nani?"

"Hakuna wa kumlisha, mzee. Atajitafutia." Daktari, binti mpole, alilinyoosha bawa ambalo manyoya yake yalikatwa ndege asiruke. "Haya yataota tena."

"Na akilia? Huyu kila alfajiri analia."

"Wenzake watamjibu."

Mzee akampapasa ndege shingoni. "Kumbe alikuwa anawaita wao," akasema taratibu. "Na mimi miaka yote namkimbilia na mahindi."

Akamtia kwenye boksi mwenyewe, akalibeba hadi garini, hakutaka kusaidiwa.

Vitabu vya uhifadhi wa wanyamapori ni vinene, nami sijavisoma. Lakini nadhani ukurasa wa kwanza ungeweza kusema hivi: mpende mnyama, ila usidhani kila akilia anakuita wewe.

Mtaa wetu sasa unalala hadi jua lichomoze, na hakuna anayefurahia.